Baba, Ulijua Maji Yale

Baba,

Salamu siwezi kukunyima, kwa kuwa wewe mwenyewe ulitufundisha kuwa aliye kaburini husalimiwa. Basi amani iwe juu yako. Zaidi ya hapo leo sina neno laini.

Nipo kwenye chumba changu cha mlezi wa bweni, mwisho wa bweni la wasichana. Upepo wa Makambako unatikisa mabati. Wasichana wako darasani, wanasoma mlango wa tohara: anayeamka usingizini asitumbukize mkono chomboni mpaka auoshe mara tatu. Wanakariri vizuri, kwa sauti moja. Nimeinuka nikafunga dirisha.

Siku tulipokuzika watu walijaa hadi barabarani. Walisema ulikuja kutoka Lindi na msahafu na jembe, ukachimba kisima kwa mikono yako mahali ambapo Waislamu walihesabika kwa vidole, ukajenga madrasa, ukajenga mabweni. Yote kweli. Nililia mpaka sauti ikakauka. Ulijue hilo kabla ya haya mengine.

Wiki ya pili mama alinipa koti lako jeusi nilifue, tulitoe sadaka. Kwenye mfuko wa ndani nikakuta karatasi imekunjwa mara nne.

Unaikumbuka, Baba. Bwana afya alikuja na vichupa vyake, akachota maji ya kisima, akatazama vyoo vipya ulivyochimba mlimani juu ya kisima wanafunzi walipoongezeka. Alipima umbali kwa hatua. Kumi na nane. Akatikisa kichwa, akaondoka. Baada ya wiki tatu, baada ya swala ya Ijumaa, ulisimama mbele ya wazazi ukasema: "Majibu yamekuja. Maji yetu ni salama, alhamdulillahi." Ukaongeza na dalili za kitabu: rangi haikubadilika, ladha haikubadilika, harufu haikubadilika, maji haya ni tohara. Watu wakaitikia.

Karatasi inasema maji yana kinyesi. Kisima kifungwe, vyoo vihamishwe, maji ya kunywa yachemshwe. Chini kuna sahihi yako ya kupokea.

Nilikaa sakafuni na koti mapajani. Halafu nikaiangalia tarehe, nikakumbuka kitu kingine. Wiki ileile, Baba, ulimwambia mama aanze kuchemsha maji ya nyumbani. Ulisema tumbo lako limekuwa jepesi, uzee. Mama akachemsha. Mimi nikila kwenu nilikunywa hayo yaliyochemshwa. Ng'ambo ya ua, watoto wa watu waliendelea kuchovya vikombe kwenye pipa la maji ya kisima.

Sasa nikutajie Mwanaidi, maana kwenye hitima yako hakuna aliyemtaja.

Alikuwa na miaka kumi na moja. Baba yake alisilimu, akafariki mapema, akaacha wasia kwamba mtoto asome dini. Bibi yake, Mlutheri wa kijiji cha Kichiwa, mzee wa kwaya, ndiye aliyemleta kwa miguu yake ili kuutimiza wasia wa mwanawe. Alinishika mkono getini akaniuliza: "Mwanangu, nasikia watoto wa hapa wanaharisha. Maji yenu yakoje?" Nikamjibu, "Bibi, yamepimwa. Ni salama." Nilimjibu kwa kinywa changu mimi, kwa sababu wewe ulikuwa umesema.

Miezi miwili haikupita, Mwanaidi akashikwa na homa. Tumbo likamjaa kama ngoma. Nilikwambia tumpeleke hospitali. Ukasema, "Rehema, usiwe na papara, kwanza tumsomee." Ukaandika kombe, aya kwenye sahani kwa zafarani, mwandiko wako ule mzuri, ukaliosha kwa maji ya kisima kilekile. Mimi ndiye niliyemshikia kikombe. Siku tatu, asubuhi na jioni. Alikuwa anakunja uso, anameza, ananiambia ahsante.

Ulijua, Baba. Mikono yako ilikuwa inaosha kombe, na karatasi iko kifuani pako.

Siku ya tano alipofika hospitali utumbo ulikuwa umeshatoboka. Ukalisalia jeneza lake wewe mwenyewe. Ukasema ni mitihani ya Mwenyezi Mungu. Ulimsingizia Mungu, Baba. Mzee mzima, na kilemba.

Siku ya arobaini yako nilisema nitaisoma karatasi mbele ya wazazi. Kaka Jabiri, uliyemwachia madrasa, alinifuata jikoni akafunga mlango. "Unamwanika baba yetu? Tumeamrishwa tutaje mema ya maiti wetu." Nikamwambia nitataja mema nikimaliza. Akashusha sauti: "Hapa sisi ni wachache, Rehema. Watasema shule ya Waislamu inawanywesha watoto kinyesi." Nikamjibu, "Si iliwanywesha?"

Nadhani na wewe hiyo ndiyo iliyokufunga mdomo: aibu mbele ya majirani. Ningekuelewa kama ungekaa na aibu yako peke yako. Wewe uliwapa watoto waibebe tumboni.

Niliisoma, baada ya dua, kabla ya pilau. Mwanamume mmoja alinyanyuka, akaenda bwenini, akarudi na sanduku la binti yake. Wakafuatia wengine. Mama hakuniangalia, na mpaka leo haniiti nyumbani kula.

Kesho yake nikaenda Kichiwa. Bibi alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nikamsalimu, "Kamwene, Bibi," akaitikia vizuri, akanipa kigoda. Nikamsomea. Akaniambia nisome tena, polepole. Nikasoma. Nikamwambia anisamehe, sikujua. Aliendelea kupukuchua gunzi mpaka likaisha, kisha akasema: "Umekuja kutua mzigo wako hapa. Haya, umetua. Na wangu nikautue kwa nani?"

Nilikaa pale nikapukuchua naye hadi debe likajaa. Hakunifukuza, wala hakunisamehe. Nilipoondoka hakunisindikiza.

Kisima kimefungwa kwa zege. Vyoo vimefukiwa, vipya viko bondeni, mbali, vina sabuni na maji ya kunawia. Tumevuta bomba la mtaani, na maji ya kunywa tunayachemsha kwa kuni za miti ya miwati kwenye sufuria lile la shughuli. Jabiri ndiye anayepasua kuni. Hatuongei sana, lakini anapasua. Wasichana waliobaki ni nusu.

Juzi kamati ilitaka kuandika jina lako kwenye tangi jipya. Rangi ilishakorogwa. Niliwaambia wakiandika nitakwangua, na wakirudia nitarudia. Wameliacha jeupe.

Nakukumbuka, ndiyo. Nakumbuka baridi za mwezi wa saba nikiwa mdogo, unanivika koti lako nikaenda nalo alfajiri msikitini likiburuzika kwenye umande. Ndiyo maana nakuchukia vizuri hivi. Mtu baki asingeniumiza kiasi hiki.

Pumzika kama unaweza, Baba. Ninakuahidi mawili. La kwanza, kila mzazi atakayeleta mtoto hapa atasikia kwangu yaliyotokea, na jina la Mwanaidi nitalitaja, na lako pia. La pili, nitakuombea dua kila baada ya swala, kwa sababu wewe ni baba yangu na hiyo ni haki yako.

Lakini huko uliko, kama utakutana na yule mtoto, usimtumie mtu wala usitangulize dua zangu. Mwendee mwenyewe, umwambie kwamba ulijua.

Mwanao,
Rehema