Aliyenishikia Ngazi

Ndalu,
Bungoma.

Kwako kaka yangu Ngige,

Pokea salamu zangu na za watoto. Wewe na wifi Nyambu mnaendeleaje huko Matisi? Kile kikohozi chake kiliisha, ama bado anakificha ili asipelekwe hospitali? Mama naye nasikia ameanza kupalilia mahindi huko kijijini Kwanza kabla ya majirani wote. Mwambie aupumzishe mgongo, ingawa najua hatakusikia. Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha karibu kila alasiri, mahindi yamenifika kiunoni, na watoto wanaenda shule bila kusukumwa.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize. Nikifungua tu mdomo unasema, "Wamboi, panga vitu, nakuja na lori." Karatasi haikatizwi. Kwa hivyo kaa chini usome mpaka mwisho, halafu ukasirike ukitaka.

Unajua Wabwile alipofariki mwaka jana aliniachia kuku wa kienyeji tuliowafuga pamoja tangu tuoane. Banda lao alilijenga upande wa chini, karibu na migomba, na miaka ya mvua kidogo halikuwa na shida yoyote. Mwaka huu maji yote ya barabara ya soko yaliteremkia hapo. Asubuhi nikifungua mlango napigwa na harufu inayochoma macho. Maranda niliyotandika sakafuni yalikuwa yameshikana kama ugali uliolala. Vifaranga walikuwa wamejikunyata pembeni, mabawa yameanguka, kinyesi kina damu. Niliwazika mpaka mikono ikachoka kuchimba.

Shemeji Sifuna, yule kaka mkubwa wa marehemu, alikuja akasimama uani, mikono nyuma, akatazama. Hakuniuliza kama tumekula. Alisema boma lisilo na mwanaume hata kuku hulikataa, na ya kwamba marehemu ananiambia kwa njia ya kuku nirudi kwetu Kitale. Haukupita muda nikakuta amepigilia vigingi nyuma ya nyumba yangu, pale palipoinuka, panapotazama soko. Ati anataka kujenga vyumba vya kupangisha. Hapo ndipo nilipojua kuwa marehemu hakuwa amesema kitu.

Majirani nao walianza kunong'ona kuhusu laana. Lakini Ngige, mimi nina macho. Kulikuwa na kuku wachache wakaidi waliokataa kulala bandani, wakawa wanalala juu ya mkokoteni mbovu karibu na ukuta wa jikoni, pale mvua haifiki. Hakuna hata mmoja wao aliyeugua. Nikajiuliza, ni laana gani hii inayoogopa pakavu?

Nilibeba kifaranga aliyekufa kwenye mfuko, nikaenda kwa afisa wa mifugo. Alimpasua, akaangalia matumbo, akaniambia ni ugonjwa wa kuhara damu, na kwamba huo ni ugonjwa unaopenda unyevu. Akanipa dawa ya kuchanganya na maji ya kunywa, lakini akanionya kwamba dawa ni kazi bure kama kuku wataendelea kukanyaga matope usiku na mchana. Waliobaki wakishapata nguvu, akasema, niwachanje dhidi ya kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima. Nilimwomba arudie kwa sauti ile habari ya unyevu, ili waliokaa kwenye benchi pale nje waisikie pia. Alicheka, lakini alirudia.

Niliporudi nyumbani niling'oa vigingi vya Sifuna. Nilivifunga vizuri kwa kamba, nikampelekea mlangoni kwake, nikamshukuru kwa kunionyesha mahali pazuri pa kujenga banda.

Nilitafuta fundi. Alisimamisha nguzo juu ya mawe, akainua sakafu ya mbao hadi usawa wa goti ili hewa ipite chini, akaweka wavu upande ambao mvua haipigi. Mtaro wa kuzunguka nilichimba mwenyewe. Kisha asubuhi moja fundi akaja kuchukua msumeno wake bila kunitazama usoni. Alisema hana ugomvi na mimi, ila yeye ni mtu wa hapa na itabidi aishi na watu wa Sifuna. Nikamwendea mwingine, akasema anaumwa. Wa tatu alikuna tu kichwa akasema, "Mama, si unajua, bana." Mabati yakabaki yameegemea ukuta. Kuku niliokuwa nimewahamishia jikoni wakawa wanaruka juu ya sufuria, na kila siku wingu la Mlima Elgon linazidi kuwa jeusi.

Huku wanasema mwanamke hapandi juu ya paa. Akipanda, hasa akiwa mjane, ni kama ametangaza kwamba nyumba haina mwenyewe. Niliheshimu hilo kwa miaka yote niliyoolewa. Lakini mila haikuja kunisaidia kuzika vifaranga.

Siku ambayo karibu kijiji kizima kilienda mazishi upande wa Naitiri, nilivaa suruali ya Wabwile nikapanda. Nilipigilia misumari mpaka kidole gumba kikavimba. Niliacha mabati yatokeze mbali nje ya ukuta ili maji yaangukie mtaroni, yasirukie ndani. Nilikuwa ndio nimeshuka mvua ilipokuja, ile kubwa ya mawe. Niliingia bandani nikapiga magoti, nikapapasa sakafu ubao kwa ubao. Kavu. Nililia, kaka. Tangu tumzike Wabwile sikuwa nimelia hivyo, na hayakuwa machozi ya huzuni.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Sifuna aliwaita wazee wa ukoo nyumbani kwangu. Alisema nimevunja mwiko, na zaidi ya hapo nimeingiza mwanaume bomani, kwa sababu hakuna mwanamke anayeweza kupandisha mabati peke yake. Alinielekezea kidole mbele ya watoto wangu.

"Ngazi ilishikwa na nani?" akauliza. "Sema jina lake!"

Nilimjibu kwamba mabati ni yangu na mkono uliopiga nyundo ni huu hapa, wakitazame kidole. Habari ya ngazi nilinyamaza. Walivyoona nimenyamaza wakatazamana, na nikajua wameshaamini. Hapo Sifuna akasema hata watu wa kwetu wameona haya, kwamba kaka yangu amekubali kuja kunichukua, tena wamepanga pamoja.

Hivyo ndivyo nilivyojua, Ngige, kwamba wewe na Sifuna huwa mnaongea. Nilisikia kama nimeanguka kutoka juu ya lile paa. Najua unaniogopea. Najua hukutaka ubaya. Lakini mlinipanga kama kuku wa soko, anayeshikwa miguu na kubebwa kichwa chini, na hakuna anayemuuliza anaenda wapi. Usinifanyie hivyo tena. Mimi ni dada yako, na ni mke wa boma hili.

Sasa nikuambie kile nilichokataa kuwaambia wazee. Hakukuwa na mwanaume. Aliyenishikia ngazi ni mama mkwe wangu, Mama Phelista.

Siku ile hakwenda mazishini kwa sababu ya goti lake. Aliniona nikihangaika, ngazi inateleza kwenye matope, akatoka nyumbani kwake akikokota mguu. Aliitupa fimbo chini, akaishika ngazi kwa mikono miwili. Hakuiachia mpaka msumari wa mwisho. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba heri nifukuzwe kuliko kumtaja, kwa maana Sifuna ndiye anayemletea chakula na dawa, na uzee wake uko mikononi mwa mtoto huyo.

Ila sikuhitaji kumtaja. Alikuwa amekaa pale kwenye mkeka na wake za wazee, akasimama. Alisimama polepole, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyejua anataka nini.

"Mnatafuta mwanaume?" akasema. "Mwanaume mwenyewe ni mimi. Ngazi nilishika mimi."

Sifuna akamwambia akae chini, kwamba hajui anachosema. Hakukaa.

"Baba yenu alipokufa, paa yangu ilianza kuvuja. Nikaambiwa ningoje wanaume wapande. Nimengoja. Mpaka leo nikilala naweka sufuria kwa kitanda, maji ikidondoka karibu na kichwa yangu. Sifuna, wewe ni mtoto wangu, na hiyo sufuria umeiona. Kuku ya Wamboi inalala pakavu kuliko mama yako. Kama huyu ni wa kufukuzwa, anzeni na mimi."

Kaka, ungewaona. Wazee walitazama chini. Baadaye mmoja wao, mkubwa wao wote, alikohoa akasema haoni tena neno la kuamua, na kama kuna chai, iletwe. Sifuna alichukua kofia yake akaenda. Hajaongea nami tangu siku hiyo, na sijamfuata. Chakula cha Mama Phelista sasa kinapikwa kwangu.

Sikudanganyi kwamba mambo yote yamekuwa matamu. Kuna wanawake wanaovuka barabara wakiniona. Lakini kuna wengine wanaokuja kuinama kutazama chini ya banda langu, wanauliza mawe niliyatoa wapi. Kuku waliobaki wamepata chanjo, tone moja kwenye jicho. Kila asubuhi nageuza maranda, na yakishika unyevu kidogo tu nayatoa nayamwaga kwenye migomba. Matetea wameanza kutaga.

Kwa hivyo lori liache huko Kitale. Sirudi. Si kwa sababu sina kwetu, ila kwa sababu hapa pia ni kwetu. Njoo kama mgeni, pamoja na Nyambu, mtakula na kushiba. Na Sifuna akikupigia tena, mwambie anipigie mimi.

Wasalimie wote wa Matisi, na Mama umfikishie upendo wangu. Watoto wanakusalimu, wanauliza utakuja lini. Mama Phelista pia anakusalimu, ingawa anasema ana neno na wewe.

Ningeendelea, ila ananiita nipande. Amepata mabati mapya kutoka kwa kikundi cha akina mama kanisani, ameegemeza ngazi kwenye nyumba yake mwenyewe, na tayari watu wamejaa kwenye ua wake wakitungoja. Safari hii kijiji kizima kipo. Wacha watazame.

Ni mimi dada yako,
Wamboi, mke wa Wabwile