Ndoano ya Urembo na Kibanda cha Mdogo Wangu

Mpendwa mshauri,

Kabla sijakuomba msaada nataka kwanza ujue ni nani anayekuandikia, maana mimi si mtu wa kulialia, mimi nilizaliwa na bahati yangu ya peke yangu, watu huku wananiita Winchi, kama ile mashine ya kuvutia magari yaliyokwama, na jina hilo sikujipa, nilipewa siku lile lori la matofali lilipozama kwenye matope nyuma ya shule, madereva wakubwa wakabaki wameshika viuno, nikaja mimi na pikapu yangu, nikafunga kamba, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umeshika simu naongea na mke wangu habari za kitoweo, lori likatoka kama jino la mtoto, na tangu siku hiyo nikipita watu wananipisha.

Pikapu yangu ni ya nembo ya Pembe, ile kubwa ya milango minne, yenye bodi ndefu ambayo ukilala unanyoosha miguu na bado mgeni anapata nafasi. Shule niliishia njiani lakini barabara imenisomesha, nimeingia miji ambayo hata majina yake yananishinda kutamka, na gari lenye heshima kama hiyo sijaliona. Shida ni kwamba Mungu ameumba pia watu wa nembo ya Mshale. Hawa ni wenye vipikapu vidogo vya milango miwili, na sote tunaoshea magari sehemu moja, kando ya kituo cha mafuta, palipo na mabenchi mawili, moja la Pembe na moja la Mshale, hakuna aliyetunga sheria hiyo lakini mgeni akikaa vibaya anaulizwa gari lake liko wapi. Hapo jioni ndipo ubishi unapochemka. Wao wanasema kubwa linakunywa mafuta kama limetumwa na haliingii vichochoroni, sisi tunasema hayo yao ni mabegi yaliyofungwa magurudumu, wao wanasema vipuri vyao vinapatikana hata kwa muuza sabuni, sisi tunasema anayesifia vipuri amekiri kwamba gari lake linakufa kila siku. Kuna mwenzetu mmoja mbeba nyanya alipata pancha, akakataa jeki ya mtu wa Mshale, akakaa juani mpaka nyanya zikaanza kuchuruzika, na alipofika benchini tulimpigia makofi. Ndivyo tulivyo.

Sasa mshauri, mtu anayeitwa Winchi hawezi kutembea na gari lisilo na kitu nyuma, kwa hiyo nilinunua ndoano ya kuvutia tela, ile yenye kichwa cha mviringo kinachong'aa, nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Fundi akasema hii inafungwa kwenye chesisi, lile fremu la chuma linalobeba gari zima, kwa bolti, tena inabidi tairi la akiba lishushwe na gari lilale kwake. Mimi nilitaka jioni ile ile nifike nayo benchini. Nikamwambia aichomelee kwenye bampa, yatosha. Akanitazama, akauliza, "Ya kazi au ya urembo?" Nikamwambia ya urembo, na hayo yaishie hapa hapa. Akachomelea, nikaipaka rangi nyekundu, na watu wengi wamejigonga nayo ugoko, nikaona hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Nina mdogo wangu wa kike, fundi cherehani. Kibanda chake ni cha mabati, kimejengwa juu ya tela, na ndani yake kuna vyerehani, meza ya kukatia, pasi, marobota ya vitambaa na kioo kirefu ambacho wateja wakijitazama wanajiona wembamba, na hiyo ndiyo siri ya biashara yake. Kiwanja anachokaa ni cha mtu, na huyo mtu sasa anajenga. Jumamosi wachimba msingi wanaingia, na amesema wazi kwamba kitakachokutwa kitasukumwa pembeni kwa mashine. Kwa bahati mdogo wangu amepata mahali pengine, juu kule kwenye tangi la maji, ila mpaka ufike kuna kilima kinachotoa jasho hata mtu mwenye baiskeli anayeisukuma. Kabla hajaniomba, kabla hata hajamaliza kunieleza, mimi nilisimama mbele ya mabenchi yote mawili nikatangaza kwamba Winchi atakipandisha kibanda hicho kabla chai haijapoa. Amefurahi mno. Amewaambia wateja wake wote, na wamepanga kutembea nyuma ya kibanda wakiimba.

Kuna kijana anauza mitungi ya gesi, mtu wa Mshale, pikapu yake tunaiita Kibiriti. Huyu amempelekea mdogo wangu mitungi mingi kuliko sufuria alizonazo, na mdogo wangu akimwona anacheka kabla hajaambiwa kitu. Alijitolea akivute kibanda yeye. Mdogo wangu akakataa, akamwambia kaka yake amesema na akisema amesema.

Juzi nilikuwa nimeegesha pale kibandani, nikaona miguu imetokeza chini ya gari langu. Ni yeye. Akasema kutoka huko chini, polepole kama daktari, "Shemeji, bolti za hii ndoano zinaingia wapi? Maana chesisi naiona, bolti sizioni."

Nikamwambia asiniite shemeji, na atoke chini ya gari la watu.

Akatoka, akajikung'uta vumbi, akamwangalia mdogo wangu aliyekuwa dirishani anapiga pasi, akanyamaza. Hilo ndilo lililoniuma, maana mimi ningekuwa yeye ningekodi kipaza sauti. Baadaye akanifuata kwenye mafuta, akaniambia taratibu kwamba niseme gia zinaumwa, yeye atavuta na Kibiriti, na mengine hayajui.

Nikaona huo ndio mlango. Nikaenda kwa mdogo wangu, nikamwambia gia zinanisumbua, pengine nisiweze. Hata mguu hakuutoa kwenye cherehani. "Basi tutasubiri zipone, kaka," akasema. "Watu wote wanajua ni wewe. Hao wachimbaji nitawabembeleza." Ikabidi nimwambie gia zimepona.

Nikasema labda naogopa bure, nikachukua tela tupu la maji la jirani, nikalifunga kwenye ndoano, nikatoa gari taratibu. Bampa likalia kama mlango wa zamani, nikashuka nikaona pengo linaloingia vidole vyangu vyote. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na ameshaona watu wakifa kwa mambo makubwa, aliniambia nikamweleze mdogo wangu ukweli, sitakufa. Ni rahisi kwake, yeye hakai kwenye lile benchi.

Sasa naomba msaada wako mshauri, nifanyeje, nivute hivyo hivyo kwa dua, au nijifanye mgonjwa mimi mwenyewe badala ya gia, au nimwachie mtu wa Mshale akivute mbele ya macho ya watu na mimi nihame mji, maana nikisema ukweli jina limekwisha, na nisiposema mdogo wangu ndiye atakayeumia, na huyo ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kuuliza mara mbili ninapomwambia kitu.

Na kwa kuwa nimeshafika hapa, acha nikuambie na lile la lori. Sikulivuta. Walikuwa wameshapakua matofali yote, dereva akaweka gia, likatoka lenyewe. Mimi nilikuwa nimeegesha mbele tu, na kamba yangu ilikuwa imelegea.

Ni mimi,
Winchi

MSHAURI ANAJIBU

Kaka yangu Winchi,

Nimeisoma barua yako nikicheka mpaka nikafika kwenye kile kilima. Hapo kicheko kikakatika. Umeniambia kwa mkono wako mwenyewe kwamba bampa limefunguka kwa tela tupu, kisha unaniuliza kama uvute kibanda kizima kwa dua, na wanawake wa watu wanaimba nyuma yake. Huvuti. Hilo halina mjadala.

Pole, kwa sababu najua utamu wa kupishwa njiani. Lakini wewe unaogopa benchi, na benchi ni ubao. Wale wanaume watakucheka wiki hii, wiki ijayo mwingine atapata pancha watamcheka yeye. Mdogo wako hana kibanda kingine. Na usijidanganye kwamba alikataa Kibiriti kwa ajili ya nembo. Yeye nembo haijui, anajua kaka. Ulipomwambia gia zinaumwa alikuwa tayari kusimama mbele ya mashine akikusubiri upone. Hukuona haya? Uliona, ndiyo maana umeniandikia barua ndefu hivi.

Huyo kijana wa gesi amelala vumbini, ameiona aibu yako yote kwa chini, akatoka akafunga mdomo. Hebu nitajie mtu mmoja wa benchi lako ambaye angefanya hivyo. Hata hivyo uongo wake wa gia usiuchukue. Alikupa kwa wema, mrudishie kwa wema.

Sasa sikiliza. Leo hii, ukimaliza kusoma gazeti, nenda kibandani. Usianze na hadithi za barabarani wala miji uliyoingia. Mwite mdogo wako nje, mwinamishe umwonyeshe lile pengo, umwambie, "Ndoano hii ni ya urembo, siwezi kukuvuta." Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki yake, na usimchekeshe ili yaishe haraka.

Ukitoka hapo nenda kwenye benchi la Mshale, mchana, watu wakiwepo, ukae. Mwombe kijana akivute yeye. Mwulize na yeye ndoano yake imefungwa wapi, na mwende nyote kwa yule fundi aiangalie na aseme kama kigari hicho kinaumudu mzigo kwenye mlima. Akisema hakimudu, tafuteni trekta, na nyote wawili mnywee kwa aibu pamoja. Udogo si sifa kama ukubwa usivyokuwa sifa.

Kisha fanya alichofanya dereva wa lori la matofali, ambaye naona ndiye mtu pekee mwenye akili katika barua yako: punguza mzigo. Kila kilichomo kwenye kibanda kitoke. Vyerehani, meza, pasi, marobota, vyote viingie kwenye ile bodi yako ndefu unayoisifia kwamba mgeni anaweza kulala. Sasa imepata mgeni. Kioo kifunge kwa mablanketi, na kikivunjika usiniandikie tena. Wewe tangulia, ukasubiri juu. Wateja waimbe mbele au pembeni, mbali na barabara, nyuma ya tela asitembee mtu hata kama ndoano imefungwa na malaika. Na hiyo yako nyekundu, fundi aifunge kwenye chesisi inavyotakiwa au aikate. Iking'aa hapo ilipo, iko siku mtu asiyejua ataiamini.

Habari za shemeji hukuniuliza, lakini nitakujibu. Mtu anayenunua gesi nyingi kuliko sufuria zake anajua anachonunua. Akitaka kumpa kijana jibu atampa mwenyewe, hahitaji ruhusa ya nembo yoyote.

Kibanda kikishafika, usizungumzie magari. Mwulize mdogo wako cherehani anataka kikae upande gani, ukiweke hapo, uutengeneze na mguu wa meza kama unayumba. Watu wakikuuliza pikapu kubwa imefanya kazi gani, waambie imebeba vitu vya mdogo wako na vyote vimefika vizima. Sema hivyo tu, halafu nyamaza. Najua hapo ndipo penye mlima wako.