Neno Nililolisema Kivukoni

Mpendwa Baba Neema,

Sijakuandikia barua tangu tulipokuwa wachumba. Zile za uchumba ulizisahihisha kwa kalamu nyekundu, herufi kwa herufi, kisha ukanirudishia. Nilicheka wakati ule. Mimi niliishia darasa la saba, wewe ulikuwa mwalimu wa historia, nikaona ndivyo inavyotakiwa. Hii hutaisahihisha.

Mwaka wako umetimia. Wanafunzi wako wa zamani wameunda kamati ya kukujengea kaburi. Litakuwa zuri, la vigae vyeusi, na jiwe la kuchonga upande wa kichwa. Jumapili iliyopita walikuja hapa Kiseke kunionyesha maneno yatakayochongwa. Kwanza jina lako, halafu miaka yako, halafu msemo, na chini ya msemo jina la yule Mzee wako wa London. Msemo wenyewe ni huu: "Msikilize mtu angali anasema, akishanyamaza utabaki kuusikiliza ukuta."

Baba Neema, wewe na mimi tunajua nani alisema hivyo.

Barua hii nataka na wengine waisome, kwa hiyo acha niwaeleze huyo Mzee ni nani. Alikuwa mwanafalsafa na mwanahistoria wa Uingereza, wa enzi za yule malkia ambaye ziwa letu limebeba jina lake. Kitabu cha maisha yake ulipewa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Jalada lilikuwa limeachia, ukalishona kwa uzi wangu wa sare za shule. Tangu siku hiyo tukawa watatu ndani ya nyumba.

Ulinihadithia maisha yake hadi nikamjua kuliko nilivyowajua mawifi zangu. Alizaliwa kwa wazazi wasio na kitu, akasoma kwa taabu, akaandika vitabu vinene vya historia. Aliheshimu kazi. Na alichukia kelele. Hilo la kelele ulilishika kuliko mengine yote. Ulipoanza kufasiri maisha yake na misemo yake kwa Kiswahili, cherehani yangu ikahama sebuleni ikaenda barazani kwa jirani, Mama Shija.

"Leo tena umefukuzwa na Mzungu?" Mama Shija alikuwa akiniuliza.

"Anaandika."

"Nani anaandika, mumeo au Mzungu?"

"Wote wawili."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini masika mvua ilikuwa inaipiga ile baraza ubavuni. Nilifunika sare za watoto wa watu kwa turubai, mgongo wangu nikauacha nje. Miaka kumi na minane, Baba Neema. Siku moja uliniona nimeinama nashindwa kunyooka, ukasema, "Si umekaa tu?" Nikakujibu, "Kazi isiyo na kelele nayo inauma mgongo." Ukaingia ndani. Nilidhani nimekuudhi. Kumbe ulikwenda kuandika.

Sisemi ulikuwa mtu mbaya. Jioni nilipokuwa napara samaki uliketi kwenye kigoda ukanisomea, na miwani yako iliyofungwa uzi ilikuwa ikikuteleza puani. Ni wanaume wangapi pale Pasiansi, kabla hatujahamia huku, waliowasomea wake zao kitu? Mimi nilisomewa. Ndiyo maana nilikuwa nakuachia kichwa cha sato. Hukuwahi kuuliza kama nami nakipenda.

Sasa nikukumbushe Kigongo. Tulikuwa tunakwenda msibani kwetu, ng'ambo. Siku hizi watu wanapita juu ya daraja, hawajui ilivyokuwa. Kivuko kilikuwa upande wa Busisi, foleni ya magari imefika mbali, tukakaa kwenye kivuli cha lori tunatafuna karanga. Ukafungua kitabu, ukanisomea sura ya mke wa Mzee. Ile inayosema mke alimtunzia nyumba iwe kimya miaka yote ili aandike, na alipokufa, Mzee akakuta maandishi ya mkewe, akajua alivyokuwa mpweke, akalia hadi uzeeni. Ulivua miwani ukaifuta. Ulimhurumia sana Mzee wako.

Mimi sikumhurumia. Nikasema, "Mtu si umsikilize angali anasema? Akishanyamaza utabaki kuusikiliza ukuta."

Ulinitazama kama unavyomtazama mwanafunzi wa dawati la nyuma akijibu swali gumu. Ukatoa kijidaftari mfukoni.

"Rudia," ukasema.

Nikarudia. Ukaandika, ukanipigia mstari neno langu mbele ya macho yangu. Sijawahi kukwambia hili: siku ile nilifurahi kuliko siku ya ndoa yetu. Kivuko kilifika nisikione.

Miezi michache baadaye yakawa mahafali ya kidato cha nne. Nilikuja na gauni langu la kitenge, nikakaa na wazazi. Ukasimama jukwaani. "Kama alivyosema yule mwanafalsafa mkuu..." Na neno langu likatoka kinywani mwako likiwa limevaa suti ya mtu mwingine. Watu walipiga makofi. Nami nilipiga, maana kila mtu alikuwa anapiga.

Nyumbani nilingoja umalize chai.

"Baba Neema, lile neno ni langu."

"Najua."

"Sasa?"

"Mama Neema, nikiwaambia limesemwa na mama anayeshona sare, watalisikiliza? Liache lipande mgongoni kwa Mzee, litafika mbali."

"Mbali wapi?"

Ukacheka. Nami nikacheka kidogo, nikatoa vyombo.

Kosa langu lilikuja baadaye. Mwandiko wako ulikuwa kama kuku amepita kwenye majivu, na wangu ulinyooka. Ukanunua daftari kubwa lenye jalada gumu, ukaniomba ninakili kwa usafi: "Misemo ya Mzee." Ulinisomea, nami niliandika. Tulipofika kwenye neno la Kigongo, kalamu ilisimama. Hukuinua macho kutoka kwenye kikombe.

"Andika," ukasema.

Nikaandika. Nikaandika na lile la mgongo. Yangu yalifika manne kabla daftari halijaisha, na yote niliyaandika kwa mkono wangu, herufi nzuri, bila kosa hata moja la kusahihisha.

Basi Jumapili walikuja, wanaume wazima wenye mvi, wengine na vitambi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Mwenyekiti wao alisimama akasoma karatasi ya jiwe kwa sauti ya kanisani. Neema wetu alikuwa ameketi kwenye mkono wa kiti, machozi yanamlengalenga. Aliposoma msemo nikasema, "Hilo neno ni langu."

"Ni letu sote, mama," mwenyekiti akasema kwa upole. "Mwalimu alituachia sote."

"Hapana, baba. Nililisema mimi. Tulikuwa Kigongo, tunasubiri kivuko."

Mmoja akatabasamu akiitazama soda yake. Neema akainuka, akaingia chumbani kwako, akarudi na lile daftari. Akalifungua magotini pangu, taratibu, kama mtu anayemwonyesha mtoto picha.

"Mama, tazama. 'Misemo ya Mzee.' Na mwandiko ni wa kwako mwenyewe."

Nikatazama. Ulikuwa wangu kweli.

"Mama amechoka," Neema akawaambia wageni. "Tangu msiba hayuko sawa."

Wakaitikia kwa vichwa. Wakaniombea. Mwenyekiti alipoaga alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia nilibahatika kuishi na mtu mwenye hekima kama ile.

Nilikulilia mwaka mzima, na nilikulilia kwa haki. Sasa nina hasira na sina wa kumpa. Ungekuwepo ningekuuliza jambo moja tu. Sura ile ya mke wa Mzee uliisoma mara ngapi? Nimeikuta imechakaa kuliko sura zote, na mstari umeupiga pale Mzee anapolia. Ulifuta miwani kwa kisa cha mwanamke wa London ambaye hukumwona. Mimi nilikuwa hatua tano, barazani kwa Mama Shija.

Jumatatu nilikwenda kwa fundi anayechonga jiwe, kule Pasiansi kando ya barabara. Nilimkuta amefunikwa na vumbi jeupe hadi kwenye kope. Msemo na jina la Mzee vilikuwa bado vya chaki, ila jina lako alikuwa ameshalimaliza. Nililipitishia kidole.

"Kuna lililokosewa, mama?"

"Hilo jina la chini. Si yeye aliyesema."

"Nani alisema?"

"Mimi."

Akaweka patasi chini. Hakutabasamu. "Hebu sema nilisikie."

Hakuna mtu aliyeniambia hivyo tangu siku ile uliponiambia "rudia." Nikasema. Akasikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa.

"Basi nifute la Mzungu niweke la kwako?"

Nikafikiri. Jina langu kwenye kaburi lako, watu watapita wadhani nimekufa mimi. Na nikafikiri pia: miaka yote ulilipeleka mbali, sasa tena nikuachie ulale nalo?

"Usiweke lolote," nikamwambia. "Ishia kwenye miaka yake."

"Kamati je?"

"Waambie mjane amekataa."

Akachukua kitambaa akafuta jiwe. "Haya mama. Kwenye kaburi, neno la mjane silivuki."

Usidhani nimekuibia. Jina lako lipo, limechongwa vizuri, na mbele yake pameandikwa Mwalimu. Chini pamebaki nafasi tupu, upana wa viganja viwili. Nimechukua changu tu, nimekirudisha nyumbani.

Jana Neema alinipigia simu, sauti imemkauka. "Mama, umefanya nini? Sasa watu wakiuliza mbona jiwe la baba halina neno, tutawaambia nini?"

"Njoo nikueleze."

"Nieleze sasa hivi."

"Kwa simu hapana. Njoo uketi."

Amesema atakuja Jumamosi. Nitampikia sato, na kichwa nitakula mimi. Nitamweleza kuanzia kwenye karanga na kivuli cha lori, polepole, mara moja tu. Akinisikiliza, nitashukuru. Asiponisikiliza sitashangaa, Baba Neema. Ukuta nimeuzoea.

Pumzika huko uliko. Cherehani nimeirudisha sebuleni, na leo imelia tangu asubuhi.

Ni mimi niliyesema,
Mkeo