Nani Atabaki na Mtoto?

Jumatatu. Mvua ilianza kabla ya alfajiri na haikuona haya kuendelea hadi karibu saa nne. Hapa Kisugu mvua ya namna hii humfungia kila mtu chumbani mwake, na chumbani mwangu mimi nina redio, jiko la mkaa na Zamzam. Zamzam alikuwa shule. Kwa hiyo nilikuwa na redio na jiko.

Blogu hii aliifungua binti yangu Rehema kabla hajaenda Oman kufanya kazi za nyumbani. Aliniambia niandike humu, naye atakuwa anasoma kila siku ili ajue mama yake anaendeleaje. Mwanzoni alikuwa akiacha maneno chini ya kila nilichoandika, na zile alama nyekundu za moyo. Siku hizi haachi kitu. Labda anasoma usiku akiwa amechoka, labda hasomi. Naandika hata hivyo, maana mtu asiyeongea na mtu mzima kutwa nzima huanza kuzungumza na sufuria.

Leo nimesema uongo mbele ya serikali.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa mtaa alipita mlango kwa mlango akisema kuna fungu jipya la fedha za serikali linakuja, la huduma za watoto, vijana na familia. Kila mwenye kazi ya namna hiyo aende leo kwenye ofisi za divisheni akaelezwe jinsi ya kujiandaa kabla halijatangazwa. Neno "linakuja" nalijua vizuri. Tangu niolewe nimeambiwa lami inakuja, maji yanakuja, taa za barabarani zinakuja. Taa zilikuja kweli, nisiwe mwongo mara mbili kwa siku moja.

Nikavaa gauni langu la Idi, nikachukua mwavuli, nikaenda.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza, mimi ni mjane, Mnubi wa Bombo, na marehemu mume wangu alikuwa dereva wa malori. Kazi yangu haina jina. Mtoto akipotea kule sokoni Owino katikati ya mitumba na magunia ya maharage, hutangazwa kwenye kipaza sauti mpaka wenye meza waanze kufunga. Asipokuja mtu, hupelekwa polisi. Na polisi, kwa kuwa wananijua tangu enzi za mume wangu, huniletea mimi nikae naye siku chache huku ndugu zake wakitafutwa. Nimewalaza wengi hapa. Wengine siku mbili, wengine mpaka meno ya utoto yakawatoka. Wote ndugu zao walipatikana, wakaenda, na mimi mwenyewe niliwafungia nguo zao.

Zamzam peke yake hakupatikana mtu wake. Alitangazwa, akatangazwa tena, picha yake ikapita vituo vyote. Sasa tumefunga naye Ramadhani ya pili, yeye akifunga mpaka saa sita tu. Ananiita Haboba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Sikumfundisha. Alisikia watoto wa jirani wakisema, akaamua.

Ukumbini tulikuwa wengi. Kulikuwa na kijana anayefundisha mpira vijana wa Bwaise, akina mama wanaosuluhisha ndoa za watu, na mzee mmoja mwenye karakana ya kuchomelea vyuma aliyetaka kujua kama vijana wake nao ni watoto. Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa binti mdogo, umri wa Rehema. Alieleza kwa Luganda na Kiingereza kwamba fungu halijatoka, lakini likitoka halitamngoja mtu. Tusajili vikundi, tufungue akaunti, tuwe na watu wa kutushuhudia. Alisema safari hii serikali inataka kusaidia malezi ndani ya familia kuliko kujenga majumba ya watoto, nami moyo wangu ukaruka. Nikaona ada ya Zamzam, nikaona godoro lake mwenyewe. Siku nyingi sijatamani kitu namna hiyo.

Kisha akaanza kutupitia mmoja mmoja. Aliponifikia mimi na kusikia ni Mnubi, akabadilisha, akaniletea Kiswahili cha kambini, kwani baba yake alikuwa polisi. Aliniita Hajati, ingawa Maka sijafika.

"Hajati, siku wewe iko mgonjwa, nani atabaki na mtoto?"

Wenzangu walikuwa wamejibu swali hilohilo kabla yangu bila kufikiri. Yule kijana wa mpira alimtaja kaka yake. Mama mmoja alimtaja mumewe, dada yake na mke mwenzake, ukumbi ukacheka. Mimi nikaanza kuhesabu watu wangu.

Rehema yuko Oman, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Kaka zangu wamekufa. Marafiki zangu wa ujanani wamerudi Bombo au wako makaburini. Nilisimama pale na gauni langu la Idi nikitafuta jina la mtu mmoja katika mji huu mzima niliokaa tangu nikiwa bibi harusi.

Nikasema, "Mama Akello. Jirani yangu."

Binti akafurahi, akaandika. Akasema Alhamisi atakuja nyumbani mwenyewe, na atamuuliza huyo Mama Akello kwa kinywa chake. Akaongeza kwa upole kwamba nyumba ya mtu mzima mmoja asiye na wa kumsaidia haihesabiwi kuwa malezi ya familia. Fungu litoke au lisitoke, mtoto aliye katika nyumba kama hiyo itabidi atafutiwe mahali pengine, kwenye makao fulani ya watoto nje ya mji. Alisema ni kwa usalama wa mtoto. Nilitamani kumkasirikia lakini sikupata pa kuanzia. Angekuwa mjukuu wangu, mimi ningeuliza vilevile.

Na mimi na Mama Akello hatujasemezana tangu kiangazi.

Yeye ni Mwacholi wa Gulu, mke wa polisi. Mume wake alihamishiwa Karamoja na huja nyumbani kwa nadra. Watoto wake ni wakubwa, kila mmoja na mji wake. Vyumba vyetu vinashiriki ukuta mmoja. Tulikuwa tukipikiana. Nilipolazwa na malaria aliniletea malakwang, zile mboga chachu za kwao zenye karanga, katika bakuli lake la bati la buluu, akanilisha kwa mkono wake.

Nilikuwa bado sijapona vizuri alipokuja mjomba wa mapacha fulani waliopotea Owino, niliokuwa nimekaa nao mwaka mzima. Akawachukua. Hawakugeuka hata kuangalia nyuma, na kwa nini wageuke, walikuwa wanakwenda kwao. Nilikwenda bombani kuteka maji, nikalia mbele za watu. Mama Akello akaniambia kwa sauti, "Hawa watoto si yako. Wote atakwenda, na wewe utabaki peke."

Huenda alitaka kunipoza. Sijui. Mimi nilisikia kicheko ambacho huenda hakikuwepo, nikabeba mtungi wangu, na tangu siku hiyo nikawa napita mlangoni kwake nikitazama mawingu.

Bakuli likabaki kwangu. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, na mimi sikuwa tayari kumpikia. Kwa hiyo likakaa rafuni. Mvua za mwezi uliopita nilimsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta, kikohozi kizito kisichokatika. Zamzam akaniambia, "Haboba, jirani anakohoa." Nikamwambia alale. Nikaongeza sauti ya redio.

Nilitoka divisheni nikapitia buchani, nikanunua nyama kidogo. Nyumbani nikaosha mchele, nikakaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya kahawa, nikapika pilau kama ya wageni. Zamzam alirudi kutoka shule akauliza ni Idi ya nani. Nikampakulia yake, nikamwambia asitoke. Nikalijaza bakuli la buluu, nikalifunika kwa leso.

Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua chache tu. Nimewahi kuikimbia Bombo kwa miguu kipindi cha vita nikiwa msichana, na sikuchoka hivi.

Nikapiga hodi.

Mama Akello alifungua mwenyewe. Amekonda. Alikuwa amejifunga shuka mabegani ingawa mvua ilishakatika. Aliliangalia bakuli kabla hajaniangalia mimi.

"Bakuli yangu," akasema.

"Limechelewa."

Akafunua leso, akanusa. "Umetia nyama?"

"Kidogo."

"Ingia."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa kuogopa nikikaa sitamaliza. Nikamweleza juu ya fungu, lile swali, jina nililolitaja, na Alhamisi. Alisikiliza huku akila, polepole, kama mtu anayejifunza kula upya. Mkononi alikuwa na alama ya plasta, pale hospitalini wanapochoma sindano ya dripu. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine, wala dalili ya mtu mwingine. Ilikuwepo sahani moja.

"Kumbe uliweka jina yangu bila kuniuliza?"

"Niliweka."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akangoja kipite. "Huyu mtoto yako," akasema, "kila asubuhi ananisalimia. Hata wakati wewe unapita kama mimi ni mti. Huyo binti akuje Alhamisi. Nitasema ndiyo. Mimi nitabaki na yeye."

Alisema "mtoto yako". Nilisikia vizuri. Nikaanza kumshukuru, maneno yakija kwa fujo, na yeye akainua kijiko ninyamaze.

"Lakini na mimi nikikuwa mgonjwa, Mama Rehema? Nani anabaki na mimi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama yule binti wa divisheni, kama mtu anayetaka tu kujua.

Nilimjibu, "Mimi nipo." Aliinamisha uso akaendelea na pilau, na mimi nilikaa mpaka alipomaliza. Aliosha bakuli, akalishika kidogo, kisha akanirudishia. Hakuwa na kitu cha kutia ndani. Akasema nikae nalo tu.

Magharibi imeingia. Zamzam amelala na sare yake ya shule kwa kuwa sijapata nguvu ya kumvua. Sijui kama fungu la serikali litatoka, wala kama litafika Kisugu likitoka. Rehema, ikiwa unasoma, mama yako mzima, ila leo ameona aibu.

Kesho nitachemsha uji wa watu watatu. Usiku huu nimezima redio, nimesogeza kitanda hadi ukutani, nasikiliza kama atakohoa.