Nyuma ya Pazia la Gunia

Shauri Moyo, Nairobi
12 Agosti 1951

Kwa ndugu yangu mpendwa Jeconia Owino,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mzee mwenzako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Christabel na watoto, na kwamba jicho lako la kushoto limeacha kutoa machozi unapotunga uzi kwenye sindano. Mimi mwili ni mzima. Mvua za Kisii zimekuwaje? Hapa ni baridi kavu na vumbi, na watu wanatembea wamejikunyata kama kuku wagonjwa. Msalimie Kantilal. Mwambie baraza la duka lake unaposhonea nimelikumbuka, na magazeti yake pia, hata yale anayotupa baada ya kufungia sukari.

Nakuandikia wewe, si mke wangu Abigael, kwa sababu yeye hasomi. Barua yoyote ikifika Birongo husomwa kwa sauti, majirani wakiwa wamekaa kusikiliza, na hii si ya kusomwa hivyo. Isome peke yako mpaka mwisho, ndipo utajua ninachokuomba. Nitakueleza kwa taratibu mambo yalivyofuatana, maana nikianza na la mwisho mkono utakataa kuandika.

Unajua nilikuja kutafuta nini. Niliporudi nyumbani baada ya miaka thelathini kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, nilimkuta mwanangu Obwocha ni mwanamume mwenye ndevu, akiniita tata, yaani baba, kwa adabu ileile anayompa mgeni aliyekuja kuuliza njia. Tulikaa pamoja msimu mmoja tu wa mvua, kisha naye akaondoka kuja Nairobi. Watu walisema anachonga mawe kwenye machimbo. Baadaye hata hilo halikusemwa tena. Tangu hapo Abigael hana swali jingine, akiamka na akilala, na miguu yake ilipokataa kabisa kutembea ndipo nikapanda basi la Kisumu, halafu treni.

Wewe ndiye uliyenishauri nisihangaike na maofisi. Ulisema Mjaluo akipotea Nairobi hutafutwa panapokaangwa samaki, basi na Mgusii atafutwe panaposongwa ugali wa wimbi. Nilikucheka siku ile, lakini nilipofika hapa nikaona sina njia nyingine. Isitoshe, mimi mwenyewe nilikuwa na njaa, na mfuko wa mzee haumruhusu kula popote.

Basi nimeujua mji huu kwa mdomo. Katika hoteli za Wahindi karibu na stesheni chapati ni nzuri na dengu ni nzito, ila mtu mweusi anakula uani, amesimama. Kwa Wakikuyu nilikula mahindi na maharagwe yaliyopondwa na viazi, chakula cha kumshikiza mtu mpaka kesho yake. Kule Majengo akina mama wanauza maandazi na mbaazi. Waliposikia Kiswahili changu cha Tanga waliniongezea mchuzi bila kuombwa, wakanipa na chai, nami nikainywa. Abigael asisikie habari ya chai. Unajua kanisa letu linavyoikataza. Kaloleni nilifika kwa watu wako. Ndugu yangu, samaki wenu wanafika huku wamechoka kuliko mimi.

Kila mahali niliuliza habari ya wimbi, wakanitazama kama mtu anayeomba nyasi. Hatimaye mchonga mawe mmoja wa Suneka, niliyekaa naye benchi moja, aliniambia kwamba nyuma ya Shauri Moyo, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, kuna mwanamke wa kwetu anayeletewa wimbi na basi, anausaga mwenyewe. Sikumalizia chakula nilichokuwa nimekilipia.

Ni kibanda cha mabati na mbao za masanduku. Ndani kuna meza mbili ndefu, jiko, na kwa nyuma pazia lililoshonwa kwa magunia. Harufu ya chinsaga, ile mboga chungu ambayo ninyi mnaiita dek, ilinipokea kabla ya mtu. Ilikuwa imelazwa ndani ya maziwa usiku kucha, inavyotakiwa. Mwenyewe ni mwanamke kijana, mrefu, jina lake Nyanchera, kwao Nyaramba. Anasaidiwa na Margret, mama mmoja wa kwenu aliyefika hapo mwaka huu tu.

Nyanchera alinisalimu, akaniita tata kama anavyowaita wazee wote wanaoingia, akaniwekea ugali kwenye kikapu, si kwenye sahani. Nilipofungua kinywa kuongea Ekegusii alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Akasema, "Tata, maneno yako yamekaa sana kwenye maji ya chumvi. Kula kwanza, labda yatarudi." Wateja wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Alikuja akakaa mkabala nami, akanitania kwamba natafuna kama mtu anayesoma gazeti, akaniuliza kama huko pwani wanawake hawaachi mume kwa kuchelewesha vyombo. Owino, tangu nirudi kutoka Tanga hakuna mtu wa kwetu aliyenitania. Nyumbani wananiheshimu, basi.

Sikumtaja Obwocha mara moja. Vijana wa mjini wanafichana, na baba akitokea ghafla akiuliza, wanadhani amekuja na kesi. Kwa hiyo nilikula pale siku baada ya siku nikiwatazama wanaoingia, nikitafuta paji la uso la mke wangu kwenye nyuso za wachonga mawe. Wao waliniita Mzee wa Tanga, na sikuwaambia jina jingine.

Siku nilipoona nimeshazoeleka, nilimwuliza Nyanchera kama amewahi kumsikia Obwocha, mtoto wa Momanyi wa Birongo. Alikuwa anapakua mboga. Hakugeuka. Aliniuliza nani anayemtafuta. Nikamwambia kwamba Momanyi ni mimi.

Aliweka bakuli chini, akavuta kitambaa cha kichwa mpaka machoni, akapita nyuma ya pazia la gunia. Chakula changu kikaletwa na Margret.

Nilingoja atoke, hakutoka. Siku ya pili nilipoingia mlangoni tu, aliacha jiko, akajificha. Nilimsalimu kwa sauti, hakuitika. Wateja wakageuka kunitazama, vijiko mikononi. Mtu yule ambaye jana alikuwa amenikalia mbele akicheka hata fizi zikionekana, leo hataki hata kivuli changu kimguse. Niliona haya ambayo sikuwahi kuyaona hata kwa msimamizi wa mkonge. Nikasema moyoni, Obwocha amemtendea ubaya huyu, au yumo humo nyuma na amemwambia asikubali babaye amwone. Nikaondoka. Nilizunguka mji nikila kwa watu wengine chakula kisicho na ladha, nikimlaumu mwanamke aliyenidharau mbele za watu kwa sababu ya jina langu.

Jana nilirudi. Sikuagiza kitu. Nilipita katikati ya meza, nikaenda moja kwa moja kwenye pazia, nikalishika niliinue nione mwanangu. Margret aliacha sinia ikaanguka, akaja akasimama kati yangu na gunia, akanishika mkono.

"Mzee, usivuke hapo," alisema. "Huyo ni mke wa mwanao. Ulitaka akuangalie kwa macho yapi?"

Mimi nilikuwa bado nimelishika gunia. Nikamwuliza mwanangu mwenyewe yuko wapi.

"Hayupo, mzee. Jiwe lilimwangukia mwaka jana, mwezi wa nne. Pole sana, baba."

Sikumbuki nilivyotoka. Nilijikuta nimekaa nje juu ya kreti la soda, na mchonga mawe wa Suneka ameniwekea koti lake mabegani. Yeye pia hakuwa amejua kwamba Mzee wa Tanga ndiye Momanyi.

Owino, umeishi na sisi Wagusii muda mrefu kuliko nilivyoishi mimi. Unajua habari ya chinsoni, ile heshima iliyowekwa kati ya mzazi na mkwe. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mkamwana hamkalii baba mkwe usoni, wala hacheki naye, wala hampi mkono. Salamu na habari za chakula zinaweza kupita kwa mbali, wakishazoeana. Habari za mwili, za kitanda, za kufa kwa mtu uliyelala naye, hazipiti kabisa. Bibi arusi ambaye bado hajaonyeshwa nyumbani kwa mumewe ndiye anayebanwa zaidi. Haya yote niliyajua nikiwa mtoto. Miaka yote ya mkonge sikuwa na wa kuyatumia, na yalipokuja mbele yangu nikayaita dharau. Hata mahali nilipokuwa nakula sikupajua. Nyuma ya lile gunia kuna kitanda alichokiunda Obwocha kwa mikono yake. Siku zote zile nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba ya mwanangu, nimenyoosha miguu, nikitania na mke wake.

Na sasa sikiliza linalonimaliza. Hakuna ng'ombe hata mmoja aliyetoka kwangu kwenda kwa baba yake Nyanchera. Walikutana hukuhuku, wakaishi. Kwa wazee wetu huyo si mke, na mimi si mkwe wake, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai heshima hiyo. Angeweza kuendelea kukaa mbele yangu akanieleza kila kitu, na hakuna mtu wa Birongo wala wa Nyaramba ambaye angemlaumu. Lakini aliposikia jina langu, palepale, bakuli likiwa mkononi, alijifanya mkamwana wangu. Hicho ndicho alichokuwa ananiambia alipojifunika macho, na mimi nikaondoka nimekasirika.

Nilipopata nguvu nilimtuma Margret amwulize. Je, Obwocha aliugua muda au alikwenda mara moja? Alizikwa wapi? Kwa nini alinyamaza, hakutuma neno hata kwa mama yake? Alipokuwa anakata roho alisema nini? Mimi nilikuwa nje, mgongo nimeugeuzia mlango. Kila mara nilisikia mnong'ono mrefu nyuma ya gunia, mrefu sana, na kilio ndani yake, kisha Margret anatoka na maneno matatu. "Anasema alikuwa mtu mzuri." "Anasema hakuumia sana." Kuhusu kaburi aliniambia kwamba wenzake walimzika pamoja na watu wasio na jamaa, na kibao kilichosimamishwa pale kimechukuliwa na watu wa kuni. Kuhusu maneno ya mwisho Margret alitoka akasimama mbele yangu na kuangalia chini. Akasema Nyanchera amekataa kumwambia, kwa sababu si maneno ya kupita kwa mtu wa nje.

Nilimtuma tena amwombe aje nami Birongo, aishi na mama mkwe wake. Mama mkwe anaweza kuambiwa. Jibu likarudi kwamba anashukuru sana, lakini mke huingizwa nyumbani na mumewe, na yeye hana wa kumwingiza. Nikatuma kwamba Abigael mwenyewe angekuja huku kama angekuwa na miguu. Nyuma ya gunia kilio kikaanza upya.

Ningeweza kulivuta lile gunia. Ni kitu chepesi, upepo wenyewe unalipeperusha. Ningemshika mabega nikamwambia, binti yangu, tuache haya, nieleze mtoto wangu alikufaje. Lakini siku nitakayomtazama usoni nitakuwa nimemwambia kwamba yeye si mke wa mtu, na kwamba Obwocha hakuoa, aliokota tu mwanamke mjini. Amebaki na jina hilo moja, mke wa Obwocha, na hakuna aliyempa ila yeye mwenyewe. Siwezi kumnyang'anya. Kwa hiyo nimekaa hapa kwenye kreti, karatasi juu ya goti, hatua chache kutoka kwake, na sitauliza tena.

Hili ndilo ninalokuomba. Nenda Birongo ukamwone Abigael kabla sijafika. Mchukue Christabel, kwa sababu atahitaji mwanamke wa kumshika. Usiende na barua hii mkononi. Akiiona karatasi atataka isomwe yote, naye asiusikie ujinga wangu leo. Mwambie kwa mdomo wako kwamba Obwocha hayupo, na kwamba alikuwa na mke. Nitaondoka kwa treni ya Jumatano nikiwa peke yangu na mikono mitupu. Hata udongo wa kaburi sijui niuchote wapi.

Msalimie Christabel na watoto. Wazee wenzetu wa barazani wasalimie pia, lakini uwaache kwanza mpaka Abigael awe amesikia. Mungu akutunze, ndugu yangu, na akutunzie hayo macho.

Abigael atakuuliza mwanawe alisema nini mwisho. Mwambie mimi sijui. Mwambie anayejua yupo hai, anaitwa Nyanchera, na asubuhi hii amenipikia, akanitolea chakula nje.

Ni mimi rafiki yako,
Alfayo Momanyi