Picha ya Samaki wa Neema

Lodwar, 2013

Kwa dada yangu mpendwa Nekesa,

Pokea salamu za joto la huku, na kama joto lingepimwa kwa debe ningekutumia gunia zima. Mgongo wako vipi? Miguu ya Mama imepungua kuvimba? Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia umekufa ganzi.

Unajua napikia injinia wa mafuta wa Lokichar, na ukiniuliza mimi, nyumba yote naiendesha mimi. Binti yao Neema amelazwa Nairobi. Leo mama yake alinipigia: mtoto amekataa kuingia kufanyiwa upasuaji mpaka aone picha ya samaki wake, na daktari anangoja.

"Mama Neema, hiyo ni kazi ndogo. Nimepiga picha harusi tatu Kakuma."

Ilikuwa moja, lakini kubwa.

Nikachukua ile kamera yao ndogo ya dijitali. Kufika sebuleni, stima imepotea, pampu ya hewa ya tangi la samaki imezima, samaki yuko juu ya maji anahema, mdomo wazi. Nikashika kikombe, nikawa nateka maji ya tangi na kuyamwaga kutoka juu, vile nilikuwa napoza chai kule hotelini, ili yashike hewa. Akashuka, akaanza kuogelea.

Lokwawi, askari wa geti, akachungulia, akanisalimu kwa Kiturkana. "Ejok, mpishi. Na majani ya chai utatia saa ngapi?"

"Ejok. Utacheka baadaye. Njoo unisaidie."

Shida ni hii: nikimwaga, picha ni povu tupu, nikiacha, samaki anapanda kuhema. Nikajaribu flashi, kioo cha tangi kikanirudishia mwanga mweupe na tumbo langu bila shati. Lokwawi akatoka nje na kioo chake cha kunyolea, akarusha jua kupitia dirishani mpaka ndani ya tangi. Nikazima flashi, nikabandika kamera kwenye kioo cha tangi, nikangoja povu litulie. Betri inapepesa nyekundu. Samaki akaanza kupanda. Nikabonyeza.

Nikamwachia Lokwawi kikombe, nikakimbiza kadi ya kamera hadi saiba, duka la intaneti lenye jenereta, wakaituma picha. Simu ikalia.

"Imefika," akasema Mama Neema. "Lakini anauliza mbona samaki amefungua mdomo. Anasema nini?"

Nikasema, "Mwambie anasema, wewe nenda, nitakungoja hapa."

Nikamsikia akimwambia mtoto hivyo hivyo. Halafu akaniambia mtoto amekubali, wanamsukuma na kitanda.

Bado hatujasikia kitu, na stima haijarudi. Nakuandikia wakati Lokwawi anamwaga. Nisalimie Mama, shemeji fundi cherehani, na shangazi Rosa wa mandazi. Muombeeni huyo mtoto.

Naacha hapa, Lokwawi ananiita nimpokee kikombe. Samaki lazima angoje, maana nimeshamsemea.

Ndugu yako mdogo,
Wafula