Volti Nilizoiongezea Mashine Yako

Abowe Yusuf,

Mungu akurehemu, kaka yangu. Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike, na mara tatu nimeshika kalamu nikashindwa. Leo sina pa kukimbilia. Nimeiunguza kompyuta yako.

Najua ungecheka kwanza, halafu ungenyamaza siku nzima. Huko kunyamaza ndiko nilikokuogopa.

Hapa Garissa mafuriko yamekauka na barabara ya Nairobi imefunguka. Dawa zimejaa dukani, zile zile tulizokutafutia tukazikosa, barabara imefungwa, wewe ukitetemeka kwa homa. Nikipita pale naangalia upande mwingine. Nina hasira, Abowe, na sijui nimkasirikie nani.

Baada ya arobaini niliiwasha mashine, ikawa inaganda. Wewe ndiye uliyeilazimisha: prosesa ya megahezi 166 ikimbie kupita 200, kwa kuhamisha jampa, vile vidude vya plastiki kwenye bodi. Asubuhi inakwenda vizuri. Ikifika saa sita, mabati ya paa yamepata joto, skrini inasimama tuli.

Ulinifundisha la kufanya. Chomoa waya ukutani. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi. Pandisha volti, ule umeme wa prosesa, hatua moja tu, kisha ijaribu adhuhuri, maana asubuhi ya huku hudanganya. Na ukiona kidole hakivumilii joto la prosesa, usiongeze volti, punguza mwendo. "Naa Halima," ulikuwa ukiniita kwa Kisomali chetu, "ikienda polepole bado ni mashine."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilijua mashairi ya Ayeeyo yamo humo tu, hayapo pengine. Kila ulipopata likizo kutoka kazini Dadaab ulikuja ukaketi na bibi yetu, yeye anatoa buraambur zake, tungo za wanawake, wewe unachapa, mnagombana juu ya neno moja mpaka chai inapoa. Sasa nyingi zimemtoka kichwani. Nilitaka kuzinakili kwenye disketi kabla mashine haijafa kabisa.

Ningepunguza mwendo, ningemaliza kwa saa moja. Sikuweza. Ule mwendo uliupanga wewe kwa vidole vyako, nikaona nikiurudisha nyuma ni kama nakuzika tena. Basi nikatoka volti 2.8, nikairuka 2.9, nikaweka 3.2. Ikawaka. Nilifurahi, Abowe! Nilikuita kwa jina, peke yangu chumbani. Shairi la kwanza likaingia kwenye disketi. Katikati ya la pili nikasikia harufu, na skrini ikawa nyeusi.

Fundi wa karibu na msikiti alisema prosesa imekwisha na bodi imekwisha. Diski aliifunga kwenye mashine yake. Majina ya mashairi yote yapo, ndani ni alama zisizosomeka. Akasema kuganda kule kwa miezi, inapokuwa inaandika, ndiko kulikoila, na mimi nimemalizia. Nilibeba kasha tupu hadi nyumbani nikilifunika kwa shuka, kama nimeiba.

Limebaki shairi moja, lile la kisima.

Ayeeyo bado hajui. Wiki ya msiba yeye ndiye aliyetunyamazisha sote. Alisema, "Yusuf amekwenda, lakini maneno yangu ameyaweka pahali pazuri." Jana alianza lile alilomtungia marehemu mama siku ya harusi. Akafika nusu, akasimama, akacheka. Akaniambia niende nikamsomee lililobaki kwenye mashine. Nikamwambia stima hakuna. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake, lakini macho yake siku hizi hayaioni.

Lala kwa amani, Abowe. Daftari nimenunua, na nakuahidi kila alichobakiwa nacho nitakiandika kwa mkono, hata kama ni mstari mmoja kwa siku. Lakini kabla ya kuandika lazima nimwambie. Nimeanza kukueleza wewe kwa sababu hutanijibu. Kesho baada ya alasiri nitamweleza yeye.

Dada yako,
Halima